Sura ya Sita: Hesabu ya Chumba cha Nyuma

Daktari alipiga simu kwa mara ya tatu saa nane na dakika kumi mchana, na safari hii hakuanza kwa salamu.

"Inspekta, umepata nini?"

"Bado."

"Basi nisikilize. Mgonjwa anahema kama mtu aliyepanda mlima mbio, na damu yake imeingia uchachu. Ziko sumu nne ninazozijua mimi zinazofanya hivyo, na kila moja ina matibabu yake. Nikibahatisha nikakosea, figo nimezimaliza kwa mkono wangu mwenyewe. Sampuli nimeipeleka maabara kubwa, jibu ni kesho kutwa. Kesho kutwa huyu hatakuwepo. Nipe jina la alichokunywa kabla ya saa kumi."

Simu ikakatika. Inspekta akainuka, akafika dirishani, akarudi kukaa. Tangu asubuhi mwanamke huyu alikuwa hatulii, na chumba chenyewe hakikumsaidia. Kilikuwa chumba cha nyuma ya duka la fundi saa: dirisha moja lenye nondo, feni inayolia kila ikifika kona moja, na ng'ambo ya ukuta saa za wateja zikigonga kwa pamoja, kila moja ikishikilia wakati wake. Mwenye haraka akifungiwa humo anaweza kupasuka.

Mtu aliyekuwa akipiganiwa roho alikuwa mwalimu wa jiografia, mpole, asiyegusa pombe. Jana, Jumamosi, alitoka katika chumba hiki saa kumi na moja jioni, akafika kwake akipepesuka na kucheka ovyo kama mlevi, akalala. Leo alfajiri mdogo wake alimtikisa, hakuamka.

Humu ndani hawakumwita mwalimu. Walimwita Msimulizi. Kila Jumamosi kwa miaka sita, yeye na wenzake watatu, mdogo wake na fundi saa mwenye duka wakiwamo, waliizunguka meza hii kucheza mchezo wa karatasi, penseli na dadu. Yeye husimulia jumba la kale, vyumba juu ya vyumba. Wenzake huingia humo, kila mmoja akimwongoza mtu wake wa kubuni. Jumba lina mazimwi, ila mazimwi ya Msimulizi hayana pembe wala makucha. Zimwi lake ni kigoda. Ni koti lililotundikwa. Ni mlango mmoja kati ya milango mitatu. Ukiligusa kabla hujalitambua, limekumeza, na dadu haikuokoi.

Koplo alikuwa amesimama mlangoni na karatasi za maelezo. Alibakiza miezi minne astaafu, na hakuamini kitu ambacho hakishikiki.

"Afande, huyu mama wa stoo tumfunge pingu mapema. Ana kisasi, amekiri mwenyewe."

"Kisasi gani?"

"Mwezi uliopita mgonjwa alimuulia mtu wake. Mtu aliyekaa naye miaka sita." Koplo akaisogeza karatasi mbali na macho yake. "Aliliwa na kigoda."

"Koplo, huo ni mchezo."

"Nimemuuliza mara mbili, afande. Amelia machozi."

"Mlete."

Wenzake walimwita Stoo, kwa kazi yake. Alitunza stoo ya kampuni ya dawa za mashambani, na sumu za kila rangi zilikuwa chini ya funguo zake. Hapo Koplo alikuwa na haki ya kumtilia shaka. Alikaa wima, mkoba magotini.

"Una hasira na Msimulizi?"

"Ninayo. Yule mtu wangu nimemlea, nimemtoa mikononi mwa mazimwi mia, halafu siku moja kachoka tu, kakalia kigoda. Nilinuna wiki mbili. Baadaye nikaunda mtu mwingine nikarudi. Afande, nikimwua Msimulizi nani atanisimulia?"

"Na stoo yako?"

"Nendeni mkahesabu. Kila tone lina lebo na saini. Mimi kitu kisicho na jina lake hakinipi usingizi. Humu ndimo ninapata taabu: Fundi anaweka grisi kwenye kopo la maziwa, misumari kwenye kopo la poda. Tunamsema kila siku, yeye anacheka."

Koplo alitazama pembeni. Asubuhi alikuwa amelifungua kopo hilo akitafuta maziwa ya chai, na kijiko kilikwisha kuingia.

"Nieleze chumba hiki kilivyokuwa jana mlipokuwa mnacheza," Inspekta akasema.

Stoo akafumba macho. "Nianzie mlangoni, mkono wa kushoto? Stuli isiyo na mpira kwenye mguu mmoja. Ndoo ya bluu, ufa kwenye mdomo. Fagio limesimamishwa kichwa chini. Kalenda ya mwaka jana, ukurasa wa mwezi wa nane..."

"Ngoja. Unayakumbuka yote haya?"

"Ndivyo tunavyocheza. Kabla hujakanyaga chumba chochote unapiga hesabu ya chumba. Unataja kila kilichomo, kimoja kimoja, toka mlangoni kwenda kushoto. Zimwi lina kasoro moja tu, na kasoro ya kitu ambacho hukukitaja utaionaje? Kiti kimejaa vumbi, chini yake pasafi. Mlango hauna bawaba. Koti limetundikwa, msumari haupo. Asiyehesabu huliwa."

Inspekta alimtazama kwa muda. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amehoji mashahidi wasiokumbuka rangi ya shati walilovaa wenyewe. Hapa alikuwa na watatu waliofunzwa kutazama, na hakuwa amewatumia.

Akawatenga. Stoo akabaki mezani, mdogo wa mgonjwa akapelekwa barazani, Fundi Saa akaachwa dukani nyuma ya kaunta yake. Kila mmoja alipewa kalamu, karatasi na dakika ishirini: andika kila kitu kilichokuwamo jana saa tisa alasiri. Koplo alizunguka kuwachungulia, akisema hajaona mtihani wa namna hii tangu darasa la nne.

Saa tisa kasoro dakika kumi karatasi tatu zilikuwa mbele ya Inspekta. Stoo alikuwa na vitu arobaini na sita. Mdogo mtu, ishirini na tisa. Fundi Saa, hamsini na tatu.

Akavuta kalamu na kuanza kulinganisha, kisigino kikigonga sakafu. Alikuwa akitafuta kilichobadilika, kilichoondolewa, kilicholetwa. Kalamu ilisimama kwenye karatasi ya mdogo mtu. Hakuandika chupa ya chai, na chai ile aliileta yeye.

Alikuwa kinyozi, na kwa jina hilo walimwita hapa mezani. Aliingia macho yakiwa mekundu, mikono haijui pa kukaa.

"Kinyozi, chupa ya chai iko wapi kwenye hesabu yako?"

"Sikuiandika?"

"Hukuiandika. Na uliileta mwenyewe."

"Nimesahau vingapi jumla, afande?"

"Zaidi ya ishirini."

"Basi ndiye mimi huyo. Kila wiki naliwa wa kwanza, waulize. Kaka anasema naingia chumbani kama ng'ombe kwenye shamba la watu." Akaishika meza kwa mikono miwili. "Chai tulikunywa wote. Mimi peke yangu vikombe vitatu. Kama kunifunga kutamponya kaka, nifungeni, lakini fanyeni kitu. Muda unakwenda!"

Muda ulikuwa unakwenda kweli. Ng'ambo ya ukuta saa zilianza kugonga mara tatu kutangaza saa tisa, moja baada ya nyingine, kwa karibu dakika nzima. Inspekta aliona njia ile imekufa. Chai ilinywewa na wote, biskuti zililiwa na wote. Kilichokuwa cha Msimulizi peke yake ni chupa ya dawa ya kikohozi, maana koo humkauka kwa kusimulia, na hiyo Koplo aliipeleka hospitali asubuhi. Mfamasia aliifungua, akaithibitisha: sharubati ya kikohozi, haina lolote. Sasa ilikuwa imerudi, iko kwenye mfuko wa plastiki kando ya mlango.

Hakumwachia Kinyozi aondoke. Alilivuta daftari la Msimulizi, lile alilolipitia asubuhi na kuliona la kichaa, akafungua kurasa za mwisho. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu, mkubwa na wazi. *Zamu ya nne, Fundi ameruka pazia. Amelipata. Zamu ya sita, Stoo ameruka kinara. Amekosea. Zamu ya tisa, Fundi ameruka ngazi. Amelipata.*

"Hapa ameandika 'ameruka.' Kila ukurasa. Maana yake nini?"

"Ni alama yetu," Kinyozi akasema. "Ukishaligundua zimwi hulitangazi, wenzako watafaidi bure. Unapiga hesabu yako kama kawaida, ila lenyewe unaliruka. Unataja cha kabla yake, unataja cha baada yake. Kaka anasikia, anaandika kimya kimya. Anajua umelijua."

"Na mtu akisahau tu?"

"Kusahau ni mimi. Fundi hasahau. Miaka sita hajawahi kuruka kitu bila kukijua. Siku hizi anaruka hata bila kufikiri, mkono wenyewe."

Inspekta aliichukua karatasi ya Fundi Saa. Vitu hamsini na vitatu. Aliandika utando wa buibui juu ya dirisha. Aliandika kipande cha chaki chini ya kabati, na msumari mtupu ukutani usiotundikwa kitu. Akashuka mpaka mezani. *Ramani. Dadu saba. Penseli nne. Kifutio. Vikombe vinne. Chupa ya chai. Sahani ya biskuti. Daftari la Msimulizi. Leso ya Msimulizi. Miwani ya Msimulizi.*

Akaichukua ya Stoo. *Daftari la Msimulizi. Chupa ya dawa ya kikohozi. Leso. Miwani.*

Hata Kinyozi, aliyesahau nusu ya chumba, alikuwa ameandika: *dawa ya kaka.*

"Kaka yako anakunywaje dawa yake?" aliuliza, sauti yake ikiwa ya chini.

"Kwa mdomo wa chupa, afande, kijiko hataki. Tunamcheka. Tena ana tabia ya kubandua lebo kwa kucha huku anasimulia. Chupa ikifika nusu haina jina tena."

Inspekta alikwenda mlangoni, akauinua mfuko wa plastiki. Chupa ilikuwa nusu. Lebo yake ilikuwa nzima, kona zote nne zimebana, hata alama ya ukucha hakuna.

Kinyozi aliitazama ile chupa, akaitazama ile karatasi mezani, na safari hii hakuingia kama ng'ombe. Alielewa. Aliruka kuelekea mlango wa dukani, na kama Koplo asingekuwa na kifua kipana, angepita.

"Niachie! Niachie nikamuulize!"

"Mshike hapo hapo, Koplo," Inspekta akasema. "Kuuliza ni kazi yangu."

Saa tisa na dakika kumi na nane.

Fundi Saa alikuwa nyuma ya kaunta, kioo cha kukuza jichoni, saa ya mtu imefunguliwa mbele yake. Alikuwa mtu wa maneno, na utani ulimtangulia kila aendako.

"Karibu, afande. Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nyinyi polisi hamnijui, ndiyo maana natetemeka."

"Hesabu yako ni nzuri kuliko zote. Mpaka msumari mtupu."

"Jicho la kazi."

"Mezani uliandika daftari la Msimulizi. Halafu?"

"Leso yake."

"Katikati?"

Kibano kilikuwa kimeshika skrubu ndogo isiyozidi punje ya mtama. Kikasimama hewani.

"Umeiruka, Fundi."

Akakishusha kibano. Akatoa kioo jichoni, akakiweka chini, akaiangalia karatasi yake mwenyewe aliyoshikiwa usoni. Utani ulikuwa umemtoka wote, na uso uliobaki ulikuwa wa mzee.

"Sikujua kama nimeiruka," alisema. "Nilidhani nimeandika kila kitu."

"Daktari hajauliza ni nani. Ameuliza ni nini. Una dakika arobaini, na rafiki yako huenda hana hata hizo."

"Maji ya rejeta." Aliitoa haraka, kwa pumzi moja. "Yale mekundu ya dukani, ya kuzuia injini isichemke. Gari langu linavuja, na kidumu kilitoboka, nikayamimina yaliyobaki kwenye chupa tupu aliyoiacha wiki iliyopita. Rangi ile ile. Nikaiweka kwenye rafu. Jana akaingia, akaiona, akadhani ni yake imebaki. Akaichukua."

"Na wewe?"

"Nilikuja kugundua baadaye, walipokwisha kuondoka. Niliona imepungua. Nikaimwaga, nikaenda duka la dawa nikanunua nyingine, nikaipunguza nusu, nikaiweka pale pale. Nilijua mtaichukua. Niliogopa, afande. Ni hilo tu."

Inspekta alikuwa tayari amebonyeza namba. Aliiweka simu juu ya kaunta, sauti wazi, katikati ya magurudumu madogo ya saa.

"Daktari, ni maji ya rejeta. Mekundu, ya dukani."

"Matamu yale. Mungu wangu." Walimsikia akimwita nesi, akitaja dawa, akirudia. Kisha akarudi. "Vizuri sana. Sasa nataka kiasi na saa. Hasa funda la mwisho. Kama la mwisho lilikuwa mapema, ninayo dawa hapa hapa, inatosha pamoja na maji. Kama lilikuwa kubwa na la jioni, lazima aende kwenye mashine ya kusafisha damu, na mashine iko mwendo wa saa mbili kwa gari. Hali yake hii, nikimsafirisha bure anaweza kunifia njiani. Nisipomsafirisha na ilipaswa, atanifia hapa. Nani alimwona akinywa?"

Inspekta aliinua macho kuelekea mlango wa chumba cha nyuma. "Kinyozi! Kaka yako alikunywa mara ngapi, na saa ngapi?"

"Sijui! Alikuwa anakunywakunywa tu, nani anaangalia!"

"Mama wa stoo?"

"Mara tatu, nne... siwezi kuapa," Stoo akajibu toka ndani. "Nilikuwa naitazama ramani."

"Nahitaji jibu," simu ikasema.

Fundi Saa aliitazama simu ile. Aliweka viganja vyote viwili juu ya kaunta, vikatulia. Kisha akamtazama Inspekta, na Inspekta akaona kwamba anajua vizuri anachotaka kukifanya na kitakachomfika.

"Mafunda matano," Fundi Saa alisema, akiiinamia simu. "La kwanza saa nane na dakika thelathini na tano. La pili saa tisa na dakika kumi. La tatu saa tisa na dakika arobaini, hilo lilikuwa dogo. La nne saa kumi na dakika ishirini. La tano saa kumi na dakika hamsini na mbili. Hilo ndilo kubwa kuliko yote. Chupa ilibaki robo."

"Una uhakika na hilo la tano?"

"Nina uhakika. Nilikuwa natazama saa."

"Basi ni mashine," Daktari akasema. "Gari linatoka sasa hivi. Tukiondoka dakika hii tunawahi." Simu ikakatika.

Saa za wateja ziliendelea na kazi yao. Inspekta alifungua daftari lake, akaandika nyakati tano, moja chini ya nyingine, na hasira aliyokuwa nayo ilimfanya aikandamize kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Umeniambia uligundua baadaye."

"Nilikudanganya."

"Ulikuwa unajua tangu la kwanza."

"La kwanza lilinipita kabla sijafungua mdomo. Nikasema moja halimdhuru mtu, nitaiondoa tukipumzika. Hatukupumzika. Likaja la pili." Alizungumza bila kuinua uso. "Ningesema, wangeniuliza mbona hukusema la kwanza. Na Stoo yuko pale mbele yangu, amenikanya juu ya chupa zangu wiki ile ile, nimemcheka. Nikanyamaza. La tatu likawa gumu kuliko la pili. Mwisho nikawa nahesabu tu."

Koplo alikuwa amemwachia Kinyozi, au alichoka kumshika. Kinyozi alitokeza mlangoni, na wote wawili wenye sare wakajiweka tayari, maana mikono ya kijana ilikuwa imekunjwa ngumi. Hakumpiga. Alisimama upande wa pili wa kaunta, pale wanaposimama wateja.

"Kaka Fundi," alisema. "Hilo la mwisho. Chupa ilikuwa upande wako wa meza. Mimi nilikuwa nimekaa kule, nakumbuka, ilikuwa upande wako."

Fundi Saa alikigusa kibano, akakiacha.

"Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka," alisema. "Hakuweza kuifikia. Aliniomba nimsogezee."

"Ukafanyaje?"

"Nikamsogezea."

Inspekta aliandika na hilo, akamwambia Koplo alete pingu.